Rubani Asiyetaka Rubani

Rubani wetu, mstaafu wa bandari ya Kilindini, alikuwa na kauli moja aliyopenda kuitoa kila tukikaa kivulini baada ya mchezo: nahodha ataivuka Bahari ya Hindi peke yake, na nyingine pia akitaka, lakini maili chache za mwisho ni zangu. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na kitu. Meli ya Mgiriki au ya Mchina, kubwa kuliko mtaa aliozaliwa yeye, husimama nje ya mlango wa bandari ikingoja kijiboti kimlete mtu mmoja. Mtu huyo hupanda ngazi ya kamba, akaenda kusimama kando ya nahodha na kumwambia: taratibu hapa, kulia kidogo, sasa nyoosha. Nahodha anaweza kuwa ameota mvi baharini, ila hapewi hiari. Ramani anayo, mitambo anayo, lakini mwamba hausomi ramani.

Nayatanguliza haya ili msomaji amfahamu mtu aliyesimama sebuleni katika nyumba ya wageni mjini St Andrews, Uskoti, usiku mmoja wa Juni, akaapa kwamba hatamlipa mtu yeyote amwonyeshe upepo unatoka wapi.

Tulikuwa wanne. Rubani mwenyewe, Mhasibu, ambaye hata chai ya kualikwa huijumlisha kichwani, Daktari, mwanamke wa maneno machache na mchezo mbaya, na mimi, mwalimu niliyeanza gofu ukubwani kwa ajili ya shinikizo la damu, baada ya Daktari huyohuyo kuniamuru nitembee. Klabuni tunaitana kwa kazi zetu, hata tuliokwisha kustaafu. Jumamosi kwa Jumamosi tumecheza pamoja Mombasa, juu ya majabali ya bahari, ambako mpira ukienda kombo unawaendea samaki.

Kila mmoja wetu ana kedi wake, mtu wa kumbebea begi la fimbo. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili aghalabu haliamuliwi, linakutwa. Unafika klabuni, makedi wako kwenye benchi lao tangu alfajiri, mmoja anainuka na kulichukua begi lako kabla hujafunga mlango wa gari. Kitu ulichokikuta hukiulizi kazi yake. Kedi wa Rubani ni mtu mzima mwenye wajukuu, miaka kumi na moja wako pamoja, na kanuni aliyowekewa siku ya kwanza ilikuwa ya maneno mawili: shika, nyamaza. Naye akanyamaza. Tukifika shimo la sita, lile linalopinda kuifuata bahari, humpa Rubani fimbo yake, hutangulia mbele, akaenda kusimama kushoto kabisa, chini ya mkwaju, na kutuangalia. Rubani hupiga kulia, kwa kuwa kulia ndiko kufupi, na mara mbili katika tatu mpira huishia majini.

"Mvivu huyu," Rubani husema. "Anakimbilia kivuli."

Sote hucheka.

Safari ya Uskoti tuliiwekea akiba miaka minne. Mtu asiyecheza gofu hudhani Old Course ya St Andrews ni ua wa matajiri wenye geti na askari. Kumbe ni ardhi ya umma. Jumapili hakuna mchezo, wenyeji hupita humo na mbwa wao na vigari vya watoto. Mgeni hupata nafasi kwa kura: mnaandikisha majina, kisha mnangoja, na wapo wanaongoja wiki nzima wakarudi makwao mikono mitupu. Sisi kura ilituangukia siku ya tatu. Tulikuwa barabarani tukila aiskrimu kwenye baridi, wajinga wanne, Daktari akaangalia simu yake na kupiga kigelegele peke yake hadi muuza duka akatoka nje.

Furaha ikakaa kama saa moja hivi. Kisha likaja suala la kedi.

Kule halazimishwi mtu. Ukitaka kedi unamwagiza, usipotaka unajibebea begi au unalikokota. Mhasibu alichukua kitambaa cha karatasi cha mezani na kalamu. Ada ya kedi mmoja, akasema, ukiongeza bakshishi, ni sawa na raundi kumi na kitu za kedi wa nyumbani. Zidisha kwa wanne. "Kwa ajili ya nini? Begi langu lina kilo kumi. Mimi ujana wangu nimebeba magunia bandarini."

Kisha akatoa kisa chake, na lazima nikiri kilikuwa kisa kizuri. Ian Woosnam wa Wales tunamjua, alishinda Kenya Open mwaka 1986. Mwaka 2001 alikuwa akiwania Open ya Uingereza katika uwanja wa Royal Lytham & St Annes. Siku ya mwisho, shimo la kwanza, alipiga mpira ukatua karibu kabisa na kikombe, akaumalizia, akawa juu ya jedwali pamoja na wengine. Wakasogea shimo la pili. Hapo kedi wake, Miles Byrne, akamwambia kuna jambo litakalomkasirisha: ndani ya begi mlikuwa na draiva mbili. Fimbo moja ilikuwa imezidi, 15 badala ya 14 zinazoruhusiwa, na hakuna aliyezihesabu kabla ya kuanza. Adhabu mikwaju miwili. Woosnam aliichomoa fimbo ile akaitupa chini kwa hasira. Alimaliza akigawana nafasi ya tatu na wengine watano. Bila ile mikwaju miwili angekuwa wa pili peke yake.

"Kedi alimla pesa nyingi kuliko mwizi," Mhasibu akahitimisha. "Na hakuwa kedi wa kuokotwa, alikuwa wa kulipwa."

Kisa ni cha kweli, ila leo naona alikisimulia nusu. Kwa nini kosa la kedi lilimwangukia Woosnam? Kwa sababu kanuni za gofu zinasema hivyo: akivunja kanuni kedi, ameivunja mchezaji. Na kanuni hizohizo, zinazomkataza mchezaji kuomba ushauri kwa mtu yeyote katikati ya mashindano, zinamruhusu kumwomba kedi wake, amwambie apige fimbo gani, alenge wapi, mteremko unavutia upande upi. Kwa jicho la kanuni hao wawili ni kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Mhasibu alikuwa na ushahidi huo mezani akauhesabu upande wa hasara. Sisi nasi tukatikisa vichwa.

Mimi nilijibu kwa kisa kingine, nikijiona hodari. Matt Kuchar, Mmarekani, alikwenda Mexico Novemba 2018 kwa mashindano ya Mayakoba bila kedi wake wa kawaida, akamchukua mwenyeji, David Giral Ortiz, mtu aliyekuwa akiwabebea wageni mabegi papo hapo. Kuchar alikuwa amepitisha miaka minne bila kushinda. Wiki ile akashinda, akatia mfukoni karibu dola milioni 1.3. Ortiz akapewa dola 5,000. Kedi wa kudumu wa wachezaji wa daraja lile, bwana wake akishinda, hutarajia kama asilimia kumi. Habari ilipofumuka, Kuchar kwanza alijitetea, kisha Februari 2019 akaomba radhi, na malipo yote ya Ortiz yakafikishwa dola 50,000.

"Walikubaliana," Mhasibu akasema. "Mapatano ni mapatano. Na alizidishiwa."

Nikasema Ortiz ndiye aliyekijua kiwanja kile.

"Mpira aliupiga nani?"

Sikuwa na jibu, au nilikuwa nalo sikulikuta haraka. Rubani ndiye aliyeyafunga mazungumzo. Alikuwa dirishani akitazama nje. Saa nne ya usiku ilikuwa imefika na jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama, jambo lililomkera kwa sababu Magharibi na Isha zilikuwa zimemwendea usiku wa manane. Alisema amekula kusi na kaskazi tangu utotoni. Alisema anaweza kufumba macho akakwambia kwa shavu lake upepo una kasi gani. Uwanja wenyewe uko kando ya bahari, sisi wenyewe tunacheza kando ya bahari. "Mtu anifundishe upepo mimi? Nimpe na hela?"

Kwa hiyo tukakata shauri: hatuchukui kedi. Daktari, aliyekuwa akishona kifungo, alisema bila kuinua kichwa kwamba yeye atachukua.

"Kwa nini?"

"Nikihamishiwa hospitali nisiyoijua, kabla sijamwona mganga mkuu, namtafuta muuguzi wa zamu ya usiku."

Mhasibu akamwambia hayo ni mambo ya hospitali. Tukawekeana dau: mwenye mikwaju mingi kuliko wote, baada ya kutoa handikapu, ile mikwaju anayopunguziwa kila mmoja kwa udhaifu wake, atalipa chakula cha jioni. Sote tulimtazama Daktari. Handikapu yake ni 28, na hata hiyo tunadhani ni ya huruma.

Asubuhi saa nne kasoro tulikuwa mbele ya lile jengo la mawe la Royal and Ancient, watu wakipita barabarani wakitutazama kama wanavyotazama wote wanaoanza pale. Kedi wa Daktari alikuwa mzee mwembamba, uso wake umekaushwa na upepo kama ngonda. Hakulitazama begi. Alimwuliza swali moja tu: mpira wako ukikosea, unakwenda upande gani?

"Kulia," Daktari akasema.

"Basi leo tutalenga kushoto. Siku nzima."

Nilisikia, sikutia akilini. Nilidhani anampa moyo.

Mashimo ya kwenda yalituumiza kidogo kidogo, kama viatu vipya. Shimo la kwanza njia ni pana kuliko uwanja wowote niliouona, mtu hawezi kukosea, nami sikukosea, ila kijito cha Swilcan kimekaa puani mwa grini, lile zulia la nyasi lenye kikombe, na mpira wangu wa pili ulikwenda humo kuoga. Baada ya hapo, upande wa kulia, ni vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Siku hizi kanuni inakupa dakika tatu za kuutafuta mpira, zilikuwa tano hadi mwaka 2019, na Mhasibu alizitumia zote kila mara, akichanwa mikono kwa ajili ya mpira aliokwisha kuujua bei. Kushoto, alikokuwa akitembea Daktari na yule mzee, kulikuwa na nafasi kama jangwa. Walikuwa wakizungumza habari za wajukuu.

Kwenye shimo la tano Mhasibu alipiga mkwaju wa maisha yake. Mpira ukaruka, ukatua grinini, ukasimama hatua mbili na bendera. Alinyanyua mikono. Yule mzee akakohoa. Grini nyingi za pale hutumiwa na mashimo mawili, moja la kwenda na moja la kurudi, na bendera ya kwenda ni nyeupe, ya kurudi nyekundu. Mhasibu alikuwa ameilenga nyekundu, ya shimo la 13. Bendera yake mwenyewe ilikuwa hatua sitini upande wa pili. Aliupeleka mpira kule kwa mikwaju minne. Baadaye tulipomwambia kwamba mashimo yanayogawana grini ukiyajumlisha hupata 18 kila mara, 5 na 13, 4 na 14, 2 na 16, alisema hesabu hiyo angeipenda zaidi kabla ya tukio.

Na upepo? Upepo ndio uliomshangaza Rubani kwanza, ingawa hakusema. Kusi yetu ikishaingia Aprili imeingia. Unaweza kuipigia mahesabu mpaka Septemba. Ule wa pale ulikuja mbele, ukaja ubavuni, ukatulia kama umekwenda kula, ukarudi na hamaki. Isitoshe, uwanja unakwenda moja kwa moja kisha kuanzia shimo la saba unajizungusha kama kichwa cha ndoana, hivyo hata upepo usiobadilika unakuwa mpya kila shimo. Rubani alipiga fimbo namba saba mpira ukapita mbali, akapiga namba saba tena ukafia njiani.

Hapa kuna jambo dogo la kanuni ambalo nimelifikiria sana tangu tulipotoka huko. Kwa kuwa kila mtu alicheza vyake, hatukuruhusiwa kumwuliza kedi wa Daktari tupige fimbo gani. Huo ni ushauri, na ushauri wa kedi asiye wako ni mikwaju miwili. Lakini kumwuliza mahali kilipo kitu uwanjani, bendera iko wapi, banka, yaani handaki la mchanga, liko wapi, hiyo ni habari ya wote, haina adhabu. Tungeweza kuuliza. Mzee alikuwa hatua kumi kutoka kwetu tangu asubuhi. Ila swali huwezi kulitunga kwa kitu usichojua kama kipo.

Nazungumzia shimo la 12.

Ukisimama pale pa kuanzia huoni tatizo. Ni shimo fupi, yadi 300 na ushei, nyasi zimelala mbele yako kama mkeka wa harusi. Baada ya miiba yote tuliyopita, ulikuwa uso wa rafiki. Rubani alikuwa amechoka kukosea. Alichukua draiva, akavuta pumzi, akapiga katikati barabara. Ulikuwa mkwaju wa kijana. Nami nikapiga katikati, mfupi zaidi. Mhasibu naye, katikati. Tukapeana mikono.

Daktari akamtazama mzee wake. Mzee akanyoosha kidevu kushoto, mbali na ule mkeka, mahali ambapo sisi tusingempeleka hata mbuzi. Akampa fimbo ndogo. Daktari akapiga vile anavyopiga, mpira ukajikokota kushoto ukakaa kwenye nyasi mbaya mbaya. Mhasibu alimwonea huruma kwa sauti.

Tulipofika mbele mkeka ulikuwa umetobolewa. Katikati hasa ya njia palikuwa na mabanka, moja nyuma ya jingine, mahandaki yenye kuta wima za majani, na hakuna hata moja linaloonekana ukiwa nyuma. Mpira wangu ulikuwa ndani ya moja, wa Mhasibu ndani ya jingine, wa Rubani umeegemea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mabanka yenyewe yana majina, kama visiwa. Yule mzee alituambia, bila kuulizwa sasa, sababu yake: zamani uwanja huu ulichezwa kinyume, kwa mwelekeo wa saa. Wachezaji wa wakati huo walikuja kutoka upande ule wakayaona mabanka uso kwa uso, wakayakwepa. Karne ya 19 mzunguko ukageuzwa. Mabanka hayakugeuzwa. Ndiyo maana mgeni wa leo anayajia kwa mgongo.

Rubani hakuuchukua mpira wake mara moja. Alisimama kwenye ukingo wa handaki akatazama nyuma tulikotoka, kisha mbele, kisha chini.

"Miamba," akasema kwa sauti ndogo. "Hii ni miamba chini ya maji."

Alitumia mikwaju mitatu kutoka. Daktari alitoka kwenye nyasi zake mbaya kwa mkwaju mmoja, grinini, mikwaju miwili ya kumalizia, akaandika nne. Hajawahi kuandika nne Mombasa kwenye shimo la aina hiyo, na hakupiga ukelele wowote. Alimtazama tu mzee, na mzee alikuwa ameshaanza kutembea.

Tukielekea la 13 Rubani alinishika mkono. Alinieleza habari za nahodha mmoja, sikumbuki wa taifa gani, mtu mwenye nishani. Siku hiyo kusi ilikuwa imechacha. Rubani alipopanda melini akiwa amelowa mpaka shingoni, nahodha alimwonyesha pembe moja ya chumba cha usukani akamwambia: simama pale, usiseme mpaka nikuulize.

"Ukafanyaje?"

"Nilinyamaza kidogo." Alitembea hatua kadhaa. "Kisha nikasema. Meli ilikuwa na watu."

Hakuongeza neno, nami sikumwuliza. Shimo la 14 lina banka linaloitwa Hell, jehanamu, na jina halikutiwa chumvi: kina chake ni kama futi kumi. Jack Nicklaus, aliyeshinda Open mara mbili hapohapo, 1970 na 1978, aliingia humo mwaka 1995 akatoka kwa mkwaju wa nne, na shimo zima likamla mikwaju kumi. Rubani aliingia humo kwa hiari, nikisema kweli, maana safari hii tulikuwa tumeuliza liko wapi, tukaambiwa, na bado akasema mkono wake unaweza kulivuka. Haukuweza. Huko chini tulikuwa tunauona mchanga tu ukiruka, na mara moja kofia.

La 17 nitalipita haraka kama lilivyotupita sisi. Unapiga mpira juu ya vibanda vya hoteli bila kuona unakoangukia. Mhasibu aliipelekea hoteli mipira miwili.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki na chipsi, kilichofungwa kwenye karatasi. Daktari alikuwa na mikwaju 104, ukitoa 28 ni 76. Mimi 84, Mhasibu 87. Rubani, mchezaji bora kuliko sisi wote kwa mbali, mwenye handikapu 11, alikuwa na 101, yaani 90. Alilipa bila kinyongo. Mhasibu alikuwa na kitambaa kipya cha karatasi. Aliandika mipira saba iliyopotea, glavu moja iliyochanika, dawa ya kupaka mgongo, maana ile kilo kumi ilikuwa imegeuka gunia kufikia shimo la tisa, kisha akasita mahali pa kuandika bei ya ile raundi yenyewe, miaka minne ya akiba, tuliyoitumia kuangalia nyasi. Akakunja kitambaa akafutia mdomo.

Kesho yake tulicheza New Course, ya jirani, ambayo ni mpya kwa hesabu za pale tu, imekuwepo tangu 1895. Hatukuchukua kedi, hata Daktari hakuchukua, na hatukujuta. Ni uwanja unaojieleza: hatari unaiona, unaipima, ukiingia umejitakia. Rubani alisema pale ni bahari wazi, rubani kashashuka. Basi nisieleweke kwamba mtu asitie mguu uwanjani bila kedi. Wapo wanaotaka kutembea na mawazo yao, na mwenye haki hiyo asinyimwe. Wapo makedi, nao tumewaona, wanaobeba begi na simu tu. Anayerudi uwanja uleule mara ya tatu huenda anajua vya kumtosha. Ila kwa mgeni, siku ya kwanza, kwenye uwanja uliozeeka kuliko yeye, kitambaa cha Mhasibu kilikuwa na swali moja tu lililoandikwa juu yake, uzito wa begi, na hilo ndilo lililokuwa halina maana kuliko yote.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Mombasa, kusi ilikuwa imesimama vizuri, ile tunayoijua. Makedi walituuliza habari za Ulaya, tukawapa kofia tulizowanunulia. Rubani alicheza kimya mashimo matano. Tulipofika la sita, kedi wake akampa fimbo, ileile, akageuka kuanza safari yake ya kwenda mbele, kushoto, chini ya mkwaju.

"Ngoja," Rubani akasema.

Mtu yule akasimama.

"Hapa. Wewe ungepiga wapi?"

Kedi alimtazama, akanitazama mimi, kama anayetaka kujua iwapo mzee ameamka salama. Kisha akautazama ule mkwaju kule mbele, na kivuli chake, na nyasi zilizochakaa pale anaposimama kila wiki.

"Mzee," akasema, "kwani mimi huwa naenda kule kwa ajili ya kivuli?"